Nimenunua karanga, zimefungwa kwenye mchoro wangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mchora katuni. Nina miaka 51, naishi Tabata, Dar es Salaam, na mke wangu na watoto wetu wawili. Nimekuwa nikichorea magazeti tangu mwaka 1996, ingawa siku hizi nauza zaidi kwa watu wa matangazo kuliko kwa wahariri. Kilichotokea nyumbani kwangu wiki iliyopita kimeninyima usingizi, na sijapata mtu wa kumwambia.

Mama yangu anakuja kuishi nasi kutoka Shinyanga. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Magoti ya mama hayamruhusu tena kuteka maji wala kwenda shamba, na mjukuu aliyekuwa akikaa naye anamaliza shule. Atafika Jumamosi ya wiki ijayo. Chumba atakacholala ni kile ninachokiita ofisi, ambacho kwa kweli kimekuwa stoo. Tukakubaliana na mke wangu tupate wiki moja ya kukitoa vitu na kupaka rangi.

Jumatatu tulianza vizuri. Tulitoa maboksi kumi na moja, redio mbili mbovu, feni isiyozunguka na chupa za wino uliokauka. Maboksi mengi yana magazeti yenye katuni zangu, mengine yamekuwa ya kahawia kama chai na ukiyakunja yanakatika. Ukutani imening'inia baiskeli ya baba, Phoenix ya inchi 28 aliyoinunua mwaka 1986 baada ya kuuza pamba. Breki zake za vyuma zimeshika kutu, tairi la mbele limeoza, lakini kengele bado inalia. Mdogo wangu wa mwisho alipokaribia kuzaliwa mwaka 1988, baba alimpakia mama kwenye keria usiku wakaenda nayo zahanati. Mke wangu anasema sasa iende kwa wanunua chuma chakavu.

Jumanne nilitoka kwenda kuonana na mteja. Niliporudi nikakuta nafasi imepatikana, nikashukuru. Sikuuliza chochote.

Jumatano jioni nikiwa kituoni nikisubiri daladala nilinunua karanga. Nilipofungua karatasi niliona gurudumu. Niliikunjua yote, karanga zikamwagika chini. Ulikuwa mchoro wangu halisi, wenyewe wa mkono: muuza maziwa na madumu yake, ameinama kupandisha kilima. Umekatwa katikati, umebaki mguu mmoja, pedeli na gurudumu la nyuma, na mafuta ya karanga yameingia kwenye spoki. Nilichora spoki zile moja moja kwa rula na kalamu ya chuma, mwaka 2001.

Kumbe mke wangu alimpa kijana wa karanga maboksi mawili. Ndani ya moja kulikuwa na bahasha ya kaki yenye michoro kama sitini ya watu wa baiskeli: wauza mkaa, wauza samaki, mafundi, watoto wanaoendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba kwa sababu hawafiki kwenye kiti. Nilifika nyumbani nikasema maneno ambayo sikupaswa kusema. Nilimwambia ameyatupa maisha yangu kwa ajili ya nafasi ya kitanda. Alinijibu taratibu: "Miaka ishirini na mbili nafagia kuzunguka maboksi haya. Hujawahi kuniambia ndani kuna nini." Tangu siku ile tunaongea habari za chakula na ada tu.

Alhamisi nilikaa na ile baiskeli nikaanza kuichora. Sijalala vizuri, nachora mpaka saa nane usiku. Mpaka Jumapili nilikuwa na michoro kumi na minne, yote ya baiskeli, na nahisi ni mizuri kuliko yote niliyochora kwa miaka kumi. Kila nikifika kwenye uso wa anayeendesha, mkono unakataa, nauacha mtupu. Chumba nacho hakijasogea.

Nisaidie, Shangazi. Nitajuaje cha kubaki na cha kutoka? Baiskeli niifanye nini? Hii michoro ya usiku ni kazi, au nakimbia kazi? Na nianzie wapi na mke wangu?

Mchoraji, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nilisimama kwenye ile karatasi ya karanga.

Kabla ya yote, kesho asubuhi mtafute huyo kijana. Kijana wa karanga ana njia yake na saa zake, watu wa kituoni wanamjua. Usiende na hasira, hajaiba kitu. Mpe pesa ya karatasi nyingine nyeupe na zaidi kidogo, mwambie akurudishie kila kilichobaki kwenye yale maboksi, hata vipande. Kama alikuwa na michoro sitini Jumanne, hakuimaliza yote kwa siku chache, maana wanachanganya na madaftari ya shule na karatasi za mitihani. Kila siku unayokaa unachora usiku, yeye anakata. Hili ndilo nililokushangaa: tangu Jumatano unalia juu ya bahasha ile, na barua yako haisemi popote kwamba umeifuata.

Vipande vitakavyorudi na mafuta usivioshe wala usivipige pasi. Chumvi na vumbi vifute kwa brashi laini iliyo kavu, kisha weka kila kipande katikati ya karatasi nyeupe za kawaida na vitabu vizito juu yake. Badilisha zile karatasi kila siku kwa siku kadhaa. Doa halitaondoka lote, ila karatasi zitanyonya mafuta yaliyo huru yasienee zaidi. Usiunganishe vipande kwa selotepu. Nilifanya kazi ya maktaba kwa miaka mingi kabla ya safu hii, na sijui kitu kilichoharibu karatasi za watu kwa nia njema kama selotepu: gundi inageuka njano, inaingia kwenye karatasi, na haitoki tena.

Sasa mke wako.

Wewe unasema aliyatupa maisha yako. Yeye anasema hujawahi kumwambia ndani kuna nini. Mwanangu, kati ya maneno hayo mawili, lake ndilo la kweli. Bahasha ya kaki ilikuwa ndani ya boksi, kwenye stoo ya magazeti yanayokatika, redio mbovu na feni isiyozunguka. Uliiweka kazi yako pamoja na taka miaka ishirini na mbili, halafu ukamlaumu mtu aliyeiona kama taka. Na jiulize alikuwa anafanya nini siku ile. Alikuwa anamtafutia mama yako mahali pa kulala. Mkwe anahangaika kumwandalia mama mkwe chumba, mume anarudi na kumwambia ameyatupa maisha ya mtu. Neno lile limemuuma kuliko unavyodhani, ndiyo maana mnaongea habari za ada tu.

Usimwombe radhi kwa juu juu ukiwa mlangoni. Kaa naye chini, useme kosa lako kwa jina lake: nilikuonea, sikukuambia, na ulichokifanya ulimfanyia mama yangu. Kisha mfungulie boksi moja, moja tu, umwonyeshe. Mwambie huyu muuza mkaa nilimwona wapi, hii ililipia ada ya nani, hii mhariri aliikataa na kwa nini. Wewe unajua kila karatasi ilitoka wapi, yeye anajua vumbi lake tu. Miaka yote hiyo amekula na kuvaa kutoka kwenye michoro hii bila kuonyeshwa.

Kuhusu cha kubaki na cha kutoka, tofauti iliyopo ni moja na ukiishika kazi itakwenda haraka. Mchoro wa mkono uko mmoja duniani. Gazeti lilichapishwa maelfu, na kwa mujibu wa sheria magazeti hupelekwa pia Maktaba ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa hiyo huenda nakala yako ya chumbani si ya mwisho. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao yenye lignini, kile kitu cha asili kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na hiyo ikikutana na hewa na mwanga inageuka kahawia na kukatika hivyo hivyo ulivyoona. Hutaweza kuizuia nyumbani. Piga picha ukurasa wenye katuni yako, hakikisha jina la gazeti na tarehe vinaonekana, kisha uliache liende. Maboksi kumi na moja yatakuwa mawili, labda matatu.

Picha zipigwe asubuhi, karatasi ikiwa sakafuni karibu na mlango, jua lisiipige moja kwa moja, simu ikiwa sambamba nayo juu, bila flashi. Michoro ya mkono uliyo na uhakika nayo ipeleke steshenari wakuskanie kwa nukta 600 kwa inchi, maana mistari myembamba kama spoki zako inapotea kwenye skani ndogo. Mpe binti au kijana wako kazi hii kwa malipo. Watoto wako wakishika karatasi hizi kwa mikono yao, watajua ni za nini siku wewe hupo. Na si jambo dogo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Yule kijana alipewa karatasi, hakupewa haki ya kuchapisha mchoro. Haki hiyo kwa kawaida ni yako, isipokuwa pale uliposaini kuitoa, kwa hiyo mikataba ya magazeti na watu wa matangazo ikipatikana kwenye maboksi isiende kwa mtu wa karanga. Iweke pamoja na hati za nyumba.

Nyuma ya kila mchoro andika kwa penseli mwaka na ulikochapishwa. Kalamu ya wino inapenya upande wa pili. Usizipeleke kwenye leminesheni, maana plastiki ile haitoki tena, na usizifunge kwenye mifuko ya plastiki iliyobana, kwa sababu unyevu wa Dar ukishaingia humo hautoki. Boksi safi lenye mfuniko linatosha. Liinue kwenye matofali au chaga, liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, kwa sababu mchwa hupanda kupitia ukuta na sakafu, na boksi linalogusa vyote viwili wanalifikia bila wewe kuona. Juu yake bandika karatasi kubwa: MICHORO, ISITOKE. Na usiweke vidonge vya naftalini kwenye chumba atakacholala mama. Harufu ile si nzuri kwa mtu mzima kulala nayo.

Nikwambie kwa nini ninakazania hivi. Waliokuwa wakisoma gazeti la Uhuru zamani wanamkumbuka Chakubanga, mhusika wa katuni aliyechorwa na Christian Gregory. Wengine tulikua na jarida la katuni la Sani, tukigombania zamu ya kusoma. Kurasa zile ziliishia kufungia maandazi kwenye nyumba zetu sote, na leo watu wazima wanaulizana nani bado ana moja. Wachoraji wetu wametuchora kwa miaka zaidi ya hamsini, tulivyovaa, tulivyopanga foleni, tulivyobeba mizigo. Muuza maziwa wako wa 2001 hayuko kwenye picha yoyote ya serikali. Yuko kwenye ile karatasi ya kituoni, nusu yake.

Michoro ya usiku. Umeuliza kama ni kazi au unakimbia. Ni vyote viwili, na nadhani ulishajua. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili chumba hakijasogea hata hatua moja na mama yako ana tarehe. Kwa hiyo mchana toa vitu na kupaka rangi, na rangi ipewe siku za kukauka kabla hajalala humo. Usiku chora saa moja, mbili, kisha ulale. Usiache kuchora kabisa, kwa sababu umepata kitu.

Unajua baiskeli ni mtihani kwa anayechora. Mwanasaikolojia mmoja wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Rebecca Lawson, alichapisha utafiti mwaka 2006 baada ya kuwaomba watu wachore baiskeli kwa kukumbuka. Watu wanaoiona kila siku walikosea. Wengine walipitisha cheni kwenye magurudumu yote mawili, wengine waliunganisha gurudumu la mbele na la nyuma kwa bomba, baiskeli ambayo isingeweza kukata kona. Wewe umekaa na chuma chenyewe mbele yako, na ndiyo maana hii kumi na minne inakupendeza kuliko ya miaka kumi. Endelea hivyo. Ichore upande wa kulia kwenye cheni na upande wa kushoto usio na cheni, chora springi za kiti, chora pale bomba la juu lilipolika rangi kwa kuegeshwa, chora keria na alama za kamba za magunia. Baiskeli zinazokumbukwa kwa kichwa zote zinafanana. Ya baba yako ina mikwaruzo ya njia zake.

Zikifika ishirini una mfululizo. Kila tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018, na wahariri hupenda kitu chenye tarehe. Peleka mapema, mwezi mzima kabla. Ongeza na wale wa bodaboda ya kwanza, maana vijana wengi hawajui kwamba neno lenyewe lilianza na baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua. Kwenu Shinyanga baiskeli za abiria umeziona mwenyewe, sina la kukufundisha.

Sasa ile Phoenix. Mke wako anasema chuma chakavu, wewe huwezi kuitoa, na wote wawili mnagombania kitu kisicho chenu. Aliyepelekwa nayo zahanati usiku wa 1988 alikuwa mama yako, ndiye aliyekaa kwenye keria ile akishikilia kiuno cha baba yako huku uchungu umemshika. Mwulize yeye. Mpaka atakapofika, iondoe chumbani, itundike ukutani kibarazani kwa kulabu mbili, juu watoto wasipofika, na uiteremshe utakapotaka kuichora. Ukipata nafasi mpigie hodi fundi baiskeli wa mtaani aiangalie. Tairi na tyubu za inchi 28 bado zinauzwa, na kutu ya juu juu haijaua fremu. Huenda mama akasema iuzwe, kwamba hajaipenda kamwe. Huenda akataka isimame tu pale aione. Likitoka kinywani mwake, mke wako atalipokea, na wewe pia.

Na zile nyuso. Umeandika kwamba kila ukifika kwenye uso mkono unakataa, ukapita haraka ukaenda kwenye habari za chumba. Mimi sikupita. Umechora baiskeli ileile mara kumi na nne na kila mara aliyeipanda umemwacha bila uso, na baba yako ana miaka sita tangu aondoke. Usimlazimishe mkono. Kitanda kikishawekwa, mama akishapumzika na safari, akishakula, mpe ile michoro mkononi mwake, na mkeo akae hapo pia asikie. Mama ataanza kukosoa, wazee hukosoa. Atasema alikuwa hakai wima hivi, alikuwa anaegemea upande mmoja, kofia alikuwa anaivaa nyuma. Uwe na penseli karibu.